Noti nane, mlio mmoja: anza na baza yenyewe

Mkuu, umesema umeandika noti zote nane kwenye Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu, do mpaka do ya juu, lakini kinachosikika ni mlio mmoja tu. Kabla hujagusa programu, chomoa hiyo baza, kile kidude cha kutoa mlio, uiguse kidogo kwenye pini za umeme za bodi, 5V na GND. Ikilia yenyewe piii, ina kitoa mlio ndani, na hiyo haiimbi hata uibembeleze vipi. Ikitoa "tk" ikanyamaza, ndiyo inayofaa: inasubiri uipigie mawimbi. Dukani huwa zimechanganywa, kwa hiyo mimi huzipima palepale kabla sijatoa hela.

Siku hizi nimehamia spika za ohm 8 zinazotoka kwenye redio mbovu. Mafundi wanazo kibao. Ila usiiunge moja kwa moja kwenye pini. Volti 5 ukigawa kwa 8 ni zaidi ya nusu ampia, na pini ya Uno haipaswi kuzidi miliampia 20 hivi. 40 ni kuiua. Weka rezista ya ohm 220 katikati. Sauti itakuwa ndogo. Ukitaka isikike mpaka nje, tafuta amplifaya ya LM386.

Baza ikiwa nzima, basi tatizo ni tone(), amri ya kupiga noti, maana haisubiri. Ukiandika tone(8, 262, 400), yaani pini 8, mawimbi 262 kwa sekunde, milisekunde 400, inawasha noti na kukimbilia mstari unaofuata papo hapo, milisekunde 400 hazijaisha. Noti saba zinapita kufumba na kufumbua, unaisikia ya mwisho tu. Kila noti ifuate na delay(), amri ya kusubiri, tena ndefu kidogo kuliko noti yenyewe: noti ya 400, delay ya 520. Kile kimya kifupi ndicho kinachozitenganisha. Bila hicho, do mbili zikifuatana utasikia do moja ndefu.

Namba za noti zako nane ni 262, 294, 330, 349, 392, 440, 494, 523. Zikisikika hafifu, zidisha zote kwa 2. Wimbo ni uleule, umepanda tu, na spika ndogo inaumudu vizuri zaidi huko juu. Utafanana na baiskeli ya aiskrimu, lakini utasikika.

Halafu kama una taa unayoififisha kwa analogWrite kwenye pini 3 au 11, ihamishie 5 au 6. Kwenye Uno, tone() inatumia taima (saa ya ndani) ileile ya pini 3 na 11.