Kwenda Santiago mwezi wa kumi na moja: maswali yenu

Tangu nigusie hapa kwamba Camino inaweza kutembewa hata msimu wa watalii ukishaisha, maswali yamekuwa mengi. Kwa wasioifahamu, Camino ni njia za kale za mahujaji zinazoelekea kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo mjini Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Inayopitwa na wengi zaidi huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, ikavuka milima ya Pyrenees, kisha ikaenda magharibi kwa kilomita zipatazo 780. Leo najibu wanaotaka kwenda Novemba.

Nimefika Uhuru Peak, mita 5,895. Sasa naambiwa nisipite Route Napoleon kwenye Pyrenees kwa sababu ni Novemba. Kilima cha mita 1,430 kina nini cha kunitisha? (Msomaji, Moshi)

Ndugu yangu, kwanza ni sheria. Serikali ya jimbo la Navarra huifunga njia hiyo ya juu kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, hata kama siku hiyo jua linawaka. Ukikaidi unaweza kutozwa faini, na wakija kukutafuta usiku unaweza kudaiwa gharama za uokoaji.

Pili, Kilimanjaro hukupanda peke yako. Ulikuwa na kiongozi kwa mujibu wa sheria, ulikuwa na wapagazi, na jioni ulikuta hema limeshasimamishwa na uji unachemka. Hapa begi ni lako, ramani ni yako, na ukipotea hakuna wa kugundua hadi kitanda chako kibaki kitupu. Halafu Kilimanjaro unaupanda kwa siku kadhaa, ilhali hapa unatoka mita 170 hivi pale Saint-Jean hadi 1,430 kwenye mwanya wa Lepoeder, kisha unateremka hadi kijiji cha Roncesvalles upande wa Hispania, vyote kwa siku moja fupi ya Novemba.

Hatari yenyewe ni upepo na ukungu. Pyrenees upande huu ziko karibu na Atlantiki, kwa hiyo mawingu yaliyobeba maji ya bahari yanagonga ukuta wa kwanza hapo. Ukishapita hosteli ya Orisson, kama kilomita 8 kutoka mjini, ni malisho ya kondoo tu, uwanda mtupu usio na nyumba wala mti wa kujibanza. Ukungu ukishuka huoni alama inayofuata. Mvua inageuka theluji kabla hujatoa glavu mfukoni. Watu wamekufa kwenye kilima hicho hicho unachokidharau.

Pita njia ya bonde, ya Valcarlos. Na usiione kuwa ni ya wanyonge, kwani mahujaji wa zamani wameipita karne nyingi, na masimulizi ya vita vya Roncesvalles vya mwaka 778, alipouawa Roland, kamanda wa mfalme Charlemagne, yameizunguka. Inapanda polepole hadi kwenye mwanya wa Ibañeta, mita 1,057, ambako zamani watawa walipiga kengele wakati wa ukungu ili waliopotea wafuate sauti. Ubaya wake ni kwamba vipande kadhaa viko kwenye lami ya barabara ya N-135, nyembamba na yenye kona nyingi. Vaa reflekta, ile ile ya bodaboda. Na ndani ya msitu majani yaliyopukutika yamefunika mawe na mizizi, yakilowa yanateleza kama ganda la ndizi. Kama una nafasi, gawa safari mara mbili ulale Valcarlos. Kwangu mimi hiyo ndiyo hesabu sahihi ya Novemba.

Nianze kutembea saa ngapi asubuhi? Mimi huwa naamka saa kumi na moja. (Msomaji, Kigoma)

Amka, sali, kunywa chai, kisha subiri. Hispania inafuata saa za Ulaya ya kati ingawa iko magharibi kabisa, hivyo mwishoni mwa Novemba jua la Roncesvalles linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na huko Galicia, jimbo la Santiago, inakaribia saa tatu kasorobo. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili tunadhani simu imeharibika. Jioni linazama kama saa kumi na moja na nusu upande wa Pyrenees, na bondeni giza linatangulia kwa sababu mlima unalikinga jua mapema.

Kwa hiyo una saa tisa na dakika chache za mwanga. Kilomita 25 za kupanda zinakula saa saba au nane ukijumlisha kula na kufunga kamba za viatu. Saa sita mchana ikikukuta hujafika nusu, lala kijiji cha karibu au tafuta teksi. Tochi ya kichwani uwe nayo, lakini ni ya dharura tu. Namba ya dharura ni 112 pande zote mbili za mpaka.

Nibebe nguo gani? Nina jinzi nzuri nzito na sweta la pamba. (Msomaji, Nakuru)

Jinzi iache nyumbani, na sweta la pamba pia. Pamba ikilowa inashika maji na kukunyonya joto, na kwenye njia hii baridi peke yake haimsumbui mtu anayepanda. Anaanza kutetemeka pale anaposimama akiwa amelowa. Vaa fulana ya sufu nyepesi au ya nailoni inayokauka haraka, juu yake sweta la manyoya ya sintetiki, na juu kabisa koti la mvua. Poncho kubwa inayofunika na begi ni nzuri msituni, ila upepo ukivuma inakuwa tanga, na wewe ndiye ngalawa. Mimi napendelea koti na suruali ya mvua, kisha mfuko mzito wa plastiki ndani ya begi. Kile kifuniko cha begi cha dukani maji yanakizunguka kwa nyuma, mgongoni.

Chukua soksi za sufu, jozi tatu, na moja ibaki kavu kwa ajili ya kulalia, hata ujaribiwe vipi. Viatu hata viandikwe havipitishi maji, siku ya tatu ya mvua vitapitisha. Ukifika hosteli toa nyayo za ndani, jaza gazeti lililokunjwakunjwa hadi kwenye vidole, baada ya saa moja litoe likiwa limelowa chepechepe, weka jingine. Ndiyo maana kwenye hosteli za njia hii utakuta rundo la magazeti ya zamani karibu na rafu ya viatu. Usiviweke juu ya hita, kwani gundi inaachia, na hapo utatembea na soli mkononi.

Kina dada wameuliza kuhusu kanga. Beba moja. Ni taulo, ni pazia la kitanda cha chini, ni vazi la kutokea bafuni penye watu mchanganyiko. Ila usijifunge kichwani kwenye mvua.

Hosteli zinakuwa wazi? (Msomaji, Bujumbura)

Nyingi zinafungwa Oktoba ikiisha. Ya Roncesvalles, kwenye nyumba ya watawa iliyohudumia mahujaji tangu karne ya 12, hupokea watu mwaka mzima, na misa ya jioni na baraka ya mahujaji usiikose. Za umma za serikali ya Galicia nazo kwa kawaida huwa wazi. Katikati ya hapo, piga simu siku moja kabla, usiamini kitabu wala programu ya simu. Beba mfuko wa kulalia, maana blanketi hazipatikani kila mahali, na chakula cha siku nzima, kwa sababu kijiji ambacho Julai kina mikahawa mitatu Novemba kinaweza kuwa na paka tu. Kabla ya kuondoka Saint-Jean, pita ofisi ya mahujaji iliyoko Rue de la Citadelle uulize hali ya hewa na malazi. Wanaojitolea pale wanaujua mlima kuliko mimi.

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, napenda milima na historia. Nitakaribishwa? (Msomaji, Muscat)

Wa alaykum salaam. Utakaribishwa. Pasipoti ya hujaji, ile kadi ya kugongea mihuri, hupewa yeyote, na hosteli haziulizi dini. Mwishoni, hati ya Compostela hutolewa kwa aliyetembea kwa nia ya dini au ya kiroho. Aliyekwenda kwa sababu nyingine hupewa hati tofauti, nzuri vilevile.

Nikufiche nini? Njia hii ina historia ya vita. Makanisani utakuta sanamu ya Mtakatifu Yakobo juu ya farasi, upanga mkononi, akiwapiga Waislamu. Kwenye kanisa kuu la Santiago maua hupangwa chini yake kuwafunika wanaopigwa. Na upande wa pili upo pia: mwaka 997 al-Mansur, mtawala Muislamu wa Córdoba, aliuteka mji huo na kuondoka na kengele za kanisa, mateka Wakristo wakizibeba. Ukienda unajua hayo, utaona mengi zaidi ya mwenzako.

Chakula, angalia caldo gallego. Ni supu ya mboga ya kupasha mwili joto, na kila mtu atakupa, lakini kwa kawaida hupikwa na mafuta ya nguruwe. Sema «sin cerdo», yaani bila nguruwe, kabla ya kuagiza, na kama bado una shaka kuna mayai, samaki na jibini kila mahali.

Nina miaka 63, magoti hayapendi mteremko. Wanangu wa Brussels wanataka kunipeleka. (Mama, Bukoba)

Shikamoo mama. Anzia Sarria, kilomita kama 115 kabla ya Santiago. Compostela inadai angalau kilomita 100 kwa miguu, na mihuri miwili kila siku. Hapo hakuna mlima mkubwa, kuna vilima, matope na mvua ya Galicia ambayo Novemba haina haya. Vijiji viko karibu karibu, ukichoka unaingia.

Wakikushawishi kuanzia Pyrenees, waambie kuhusu mteremko wa kuingia Zubiri, siku ya pili: mawe bapa yamesimama kingo juu, yakilowa hata kijana anateremka kwa makalio. Nunua fimbo mbili za kutembelea, si moja, na begi kubwa wabebe wao.

Kuna wanyama wakali? (Msomaji, Arusha)

Hakuna wa kukusumbua. Ogopa wawindaji. Novemba ni msimu wa kuwinda nguruwe pori, na kwenye Pyrenees wapo pia wa njiwa. Vaa rangi kali, usikate njia porini, na ukiona kibao cha msako unaendelea, ngoja au zunguka.

Viza niombe Ufaransa au Hispania? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hispania, kwa sababu ndiko utakakolala siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua Ufaransa. Ni viza moja ya Schengen, inayotumika nchi zote mbili. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kikwazo huwa ni ushahidi wa malazi, kwani hosteli nyingi za umma hazipokei nafasi mapema: weka nafasi za usiku wa kwanza, za miji mikubwa kama Pamplona, na za Santiago, kisha ambatanisha ratiba ya siku kwa siku. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla. Anayetaka kutembea Novemba aanze kutafuta miadi Julai.