Nyanya za nyumbani: lini uchume, na jani linakuambia nini

Mvua zikikolea, maswali ya nyanya huongezeka, na mengi huishia palepale: "Nipulizie nini?" Tunamwomba msomaji atangulize maswali mengine mawili. Dalili imeanzia wapi kwenye mche? Imechukua siku ngapi kufika ilipo? Ukiwa na majibu hayo, magonjwa mengi utayatenganisha kabla hujaenda duka la pembejeo.

Shikamooni. Nina miche ishirini nyuma ya nyumba, hapa Lushoto. Majani yana madoa ya kahawia. Jirani anasema ni ukungu tu, nipige dawa yoyote ya ukungu. Ni kweli?

Marahaba. Si dawa yoyote. Ukungu ni wa aina nyingi, na miwili ndiyo inayosumbua nyanya zaidi.

Bakajani tangulia huanzia kwenye majani ya chini, yale yaliyozeeka. Doa lake ni la kahawia lenye miduara inayozungukana ndani, na kando yake jani hugeuka njano. Huenda polepole, likipanda kutoka chini kwenda juu kwa wiki kadhaa.

Bakajani chelewa haichagui jani. Doa lake huanza kama sehemu iliyolowa maji, kijani kinachoelekea kijivu, kisha hukolea hadi weusi. Shina nalo hupata mabaka ya kahawia, na tunda bichi hutoka baka gumu la rangi hiyohiyo. Geuza jani asubuhi kabla umande haujakauka. Ukiona utando mweupe mwembamba ukilizunguka doa kwa upande wa chini, basi ni bakajani chelewa, na unatakiwa kuchukua hatua siku hiyohiyo. Ugonjwa huu hupenda baridi na majani yaliyolowa, nyuzi joto 10 hadi 24 hivi, yaani hali yenu ya milimani wakati wa masika. Bustani nzima inaweza kwisha ndani ya wiki moja. Ndio huohuo ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, kwa hiyo kama una viazi mviringo karibu na nyanya, vikague navyo.

Kwa bakajani tangulia, kata majani yote yanayogusa ardhi, na mche ukishakua acha shina wazi kiasi cha sentimita 30 kutoka chini. Weka matandazo ya nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani. Mwagilia kwenye shina, asubuhi. Mara nyingi hiyo inatosha kwa miche ishirini.

Kwa bakajani chelewa, ng'oa mche uliozidiwa, uutie kwenye mfuko wa plastiki palepale ulipo na uufunge kabla ya kuupitisha katikati ya mingine. Usiutupe kwenye mboji. Miche iliyobaki ndiyo ya kupuliziwa. Dawa iitwayo mankozebu hukinga jani lililo zima tu, haifufui lililokwisha kuugua. Ikiwa ugonjwa umeshaingia, ulizia mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili, ambao hupenya ndani ya jani. Pima kwa mizani, si kwa kifuniko cha soda: lebo inayosema gramu 50 kwa bomba la lita 20 ina maana ya gramu 2.5 kwa lita moja, kwa hiyo lita 4 zinahitaji gramu 10. Pulizia na upande wa chini wa majani. Wengi huuacha, na huko ndiko vimelea huzaliana.

Mche ulikuwa mzima kabisa. Jana mchana ukalala, jioni ukainuka kidogo, leo umelala moja kwa moja, na majani bado ni ya kijani. Namwagilia lakini wapi. (Morogoro)

Acha kumwagilia kwanza. Mche unaonyauka ukiwa bado kijani, na udongo una unyevu, mara nyingi una mnyauko bakteria. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa glasi ya maji.

Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa sentimita 10 hivi. Chukua glasi angavu yenye maji safi, kishikilie kipande wima ili ncha ya chini iguse maji, na utulize mkono. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, hao ni bakteria wenyewe, nao wameziba mirija inayopandisha maji. Ndiyo sababu kumwagilia hakusaidii.

Nyuzi zisipotoka, pasua shina kwa urefu. Mstari wa kahawia chini ya ganda, pamoja na majani yaliyoanza kuwa njano upande mmoja wa mche, ni dalili ya mnyauko fusari, ambao ni wa ukungu. Kama shina ni safi, chimba mizizi: vinundu visivyo na mpangilio, vilivyovimba kwenye mzizi wenyewe, ni minyoo fundo.

Mnyauko bakteria hauna dawa ya kupulizia, na anayekuuzia moja anakula fedha yako. Ng'oa mche pamoja na udongo ulioshika mizizi. Safisha jembe na kisu kwa maji ya sabuni, kisha kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 9. Usitifue udongo wala kupeleka maji kutoka shimo hilo kwenda kwa miche mingine, kwa sababu bakteria husafiri na maji na huingia kwenye mizizi iliyojeruhiwa. Eneo hilo lisipandwe nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo wala mnavu kwa miaka mitatu angalau. Panda mahindi au vitunguu. Anayelima kwenye ndoo au viroba ana unafuu: anamwaga udongo wote mbali na bustani, anaosha ndoo, anaanza upya.

Nikisubiri ziwe nyekundu kwenye mti, ndege na wadudu wananitangulia. Nikichuma mapema, familia inasema hazina ladha. Wakati sahihi ni upi? Halafu zangu za Dar zinaishia rangi ya chungwa tu.

Swali hili linatufurahisha, kwa sababu nyanya nyingi za nyumbani hupotea wiki ya mwisho, baada ya kazi yote kufanyika.

Chuma tunda linapoanza kubadilika rangi kitakoni, yaani sehemu isiyozidi moja ya kumi imetoka kwenye kijani na kuelekea unjano au uwaridi. Likifika hapo, limeshapata karibu kila kitu ambacho mche ungelipa. Likiiva ndani ya nyumba, ladha yake haitofautiani sana na ya lililoivia mtini, nawe umeliokoa na ndege, na funza, na mpasuko wa mvua ya ghafla. Ladha mbovu ambayo familia inailalamikia hutokana na matunda yaliyochumwa yakiwa kijani kabla ya kukomaa. Kama una shaka, kata tunda moja kwa kisu kikali. Likiwa limekomaa, vyumba vya ndani vimejaa utelezi na mbegu hukwepa kisu bila kukatika. Mbegu zikikatika, yale yaliyobaki mtini yaache.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, maana tunda lililolowa huoza haraka. Lishike kwa kiganja, bonyeza kwa kidole gumba pale kwenye pingili ya kikonyo, pindua kidogo, litaachia lenyewe. Ukiacha kikonyo kirefu kitatoboa tunda la jirani kwenye beseni, na tundu moja dogo latosha kuozesha beseni zima. Panga tabaka mbili, tatu zikizidi sana. Ndoo iliyojaa hadi juu huponda za chini.

Kuiva hakuhitaji jua, kwa hiyo usizianike dirishani. Ziweke mahali pa kivuli penye hewa, kikonyo kikitazama chini, nyuzi joto 20 hadi 25. Ukitaka ziharakishe, zifungie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu: ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoivisha matunda.

Hapo ndipo penye jibu la Dar. Joto likipita nyuzi 30, nyanya hushindwa kutengeneza rangi nyekundu huku ile ya manjano ikiendelea, ndiyo maana mnapata rangi ya chungwa. Si ugonjwa. Chuma mapema zaidi, uziivishe chumba chenye ubaridi kuliko vyote, sakafuni. Kwenye friji usipeleke nyanya ambayo haijaiva. Chini ya nyuzi 10 huumia kwa baridi, hubaki na mabaka, na ladha yake haipatikani tena hata ukiitoa. Iliyoiva kabisa inaweza kukaa humo siku chache kama huna namna nyingine.

Ukiona wingu zito na una matunda yaliyokwisha kuwa waridi, yachume yote kabla ya mvua. Mche uliokuwa na kiu ukinywa maji mengi ghafla, nyama ya tunda hupanuka kuliko ngozi, na ngozi hupasuka.

Nyanya zangu zina kitako cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi. Nimepiga dawa mara mbili, haijasaidia. (Nakuru)

Haitasaidia hata ukipiga mara kumi, kwa sababu hapo hakuna kimelea. Ni kuoza kitako: tunda limekosa kalsiamu ya kutosha lilipokuwa likikua. Mara nyingi udongo una kalsiamu ila maji hayafiki kwa mpangilio, na kalsiamu husafiri ndani ya maji. Siku tatu kavu, siku moja mafuriko, na matokeo ni hayo. Mbolea nyingi ya naitrojeni, hasa yurea, huongeza tatizo kwa kuyapa majani kasi ya kuwahi maji yote.

Toa matunda yaliyoathirika, hayatapona (sehemu iliyo nzima inalika). Mwagilia kwa kiasi kilekile kila mara; mche uliokua kwenye ndoo ya lita 20 unaweza kutaka lita 2 kwa siku ya jua kali. Weka matandazo ya unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanafaa kuchanganywa na udongo kabla ya kupanda msimu ujao, lakini kwa tunda lililopo sasa yanachelewa mno.

Majani yamechorwa kama ramani, ndani kuna vijifunza. Ni kantangaze? (Arumeru)

Tazama umbo la mchoro. Mstari mwembamba unaojipinda ni wa nzi mchoraji wa majani, na mche mkubwa humvumilia. Kantangaze, yaani funza wa nondo mdogo anayeshambulia nyanya, huacha baka pana, jani limebaki ngozi tupu inayopitisha mwanga, na ndani kuna kinyesi cheusi. Kisha huingia kwenye tunda, mara nyingi kwa kitundu kidogo chini ya kikonyo. Wenyeji wa Arumeru mnamfahamu vizuri, maana Tanzania aliripotiwa kwa mara ya kwanza huko mwaka 2014, akitokea mbali: asili yake ni Amerika ya Kusini.

Jike hutaga mayai hadi 250 na zaidi, na kizazi hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo dawa moja ikirudiwa kila wiki huzalisha kantangaze sugu. Kwa bustani ndogo, mikono ndiyo silaha kuu. Kagua kila siku ya pili, chuma majani yenye mabaka, yafunge kwenye mfuko mweusi na uuache juani. Matunda yaliyotobolewa yatoe pia, yakiwemo yaliyoanguka. Kwenye majani machanga puliza dawa ya Bt (iliyotengenezwa kwa bakteria wanaoua funza) au ya mwarobaini jioni, kwa sababu jua huziharibu. Mtego wenye harufu inayovutia nondo dume juu ya beseni la maji ya sabuni utakuonyesha lini nondo wameongezeka, ingawa peke yake hautawamaliza. Ukimaliza msimu, ng'oa mabaki yote wiki hiyohiyo. Mche uliosahaulika uani hulea kizazi kinachofuata.

Majani ya juu yamejikunja kama kikombe, ya njano pembeni, na mche umedumaa.

Ni virusi vya kukunja majani, ambavyo wakulima wengi huviita rasta. Huletwa na nzi weupe. Tikisa mche utawaona wakiruka. Hakuna tiba. Ng'oa ule ulioathirika ungali mdogo, na msimu ujao funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kusia mbegu. Kama yaliyojikunja ni majani ya chini tu, yamekakamaa lakini ni ya kijani, na ulipogoa sana au kumekuwa na joto, usiung'oe. Huo si ugonjwa.

Nilipuliza dawa juzi na leo nyanya zimeiva. Nikiosha vizuri, watoto wanaweza kula?

Soma lebo mahali palipoandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama panasema 7, basi ni 7 kamili, na kuosha hakuzipunguzi, kwa sababu dawa nyingine huingia ndani ya tunda. Dawa uliyopimiwa kwenye chupa isiyo na lebo usiitumie kabisa kwenye chakula. Ndiyo maana tunashauri kuchuma kwanza kila kilichoanza kubadilika rangi, kisha upulizie jioni.

Nataka mbegu kutoka kwa mche uliozaa vizuri kuliko yote. Nifanyeje?

Kwanza uliza ulinunua nini. Kama pakiti iliandikwa F1, yaani mbegu chotara, watoto hawatafanana na mama. Mbegu za kawaida, kama Tanya au Cal-J, zinafaa.

Chagua mche usio na dalili hata moja kati ya tulizotaja, na hapa tu ndipo uache tunda liivie mtini hadi lilegee. Kamua mbegu na utelezi wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, acha kivulini siku mbili, ukikoroga asubuhi na jioni. Utelezi ukishaachia, ongeza maji, mwaga zinazoelea, osha zilizozama. Zianike kwenye sahani kivulini, si kwenye karatasi maana zitaganda, uzigeuze kila siku kwa wiki moja. Zikivunjika badala ya kupinda, zimekauka. Tia kwenye bahasha, andika aina na tarehe, weka kwenye chupa yenye kifuniko mahali pakavu. Zikitunzwa hivyo huota vizuri kwa miaka mitatu au minne. Na anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuzishika mbegu na miche, kwa sababu tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato vinavyoambukiza nyanya.