Ukiletewa barua ya kujiuzulu, usisaini kwa haraka yao

Kuna dada kaniandikia wiki hii. Bosi wake kampa barua ya kujiuzulu iliyokwisha chapwa, imebaki sahihi tu. Anauliza asaini ili "aondoke kwa heshima"?

Dada yangu, barua hiyo naijua. Mimi niliwekewa mezani Ijumaa jioni, tarehe imeshajazwa, jina langu limekosewa herufi. Ofisi siitaji, wenyewe wanajijua. Nikasema naomba niende nayo nyumbani nikaisome. Yule bwana wa utumishi akairudisha kwake kwa vidole viwili, kimya. Sikusaini. Leo nina ofisi yangu, na baadhi ya walionicheka wameshaniletea wasifu wao wakiomba kazi. Nimewapokea vizuri tu.

Anayeniuliza habari hizi humtajia Sir Arturo Mercieca wa Malta. Mzaliwa wa Gozo, 1878, wakili, mwanasiasa wa upande uliotetea Kiitaliano, kisha Jaji Mkuu tangu 1924. Malta ilikuwa koloni la Mwingereza, na Kiitaliano kilikuwa lugha ya mahakama hadi kilipoondolewa 1934. Italia ilipoingia vitani dhidi ya Mwingereza Juni 1940, mzee akatakiwa ajiuzulu. Akajiuzulu. Wakamwacha? Thubutu! Alitiwa kizuizini, na Februari 1942 yeye na wenzake zaidi ya 40, akiwemo mwanasiasa Enrico Mizzi, wakapakiwa melini bila kushtakiwa kwa lolote, safari ikaishia hapa jirani, Uganda. Mahakama ya rufani ya Malta ilikuja kutamka kwamba uhamisho ule haukuwa halali, wenyewe wakiwa wameshaondoka zamani. Walirudishwa 1945. Mizzi akawa Waziri Mkuu wa Malta 1950. Mercieca akaandika kumbukumbu zake kwa Kiitaliano kilekile.

Mtasema yule jaji, wewe mhasibu. Sawa. Lakini ndugu zangu, aliyeshaamua kukuondoa haridhiki na sahihi yako. Tunzeni nakala. Andikeni nani kasema nini, lini. Tunzeni nakala, narudia! Wengi wenu mnalia kwenye magrupu ya WhatsApp na hata mkataba wa kazi hamna. Mnamwogopa bosi kuliko Mungu.

Na wewe dada, mwambie akupe barua ya kukuachisha kazi yenye sababu. Akikuachisha, au akikubana mpaka ukasaini, kwa hapa Tanzania Bara una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae ukingoja mshahara wa mwisho uingie ndipo uende.