Je, kaka anaweza kuniletea fulana ya kuzuia risasi kutoka Marekani?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni wakala wa fedha kwa simu hapa Kiborloni, Moshi, na karibu kila jioni hubeba fedha taslimu. Kaka yangu anayeishi Buffalo, jimbo la New York, anakuja Desemba kula Krismasi nyumbani. Anasema Marekani kumiliki fulana ya kuzuia risasi si kosa, hivyo atanunua moja na kuitia kwenye begi. Kuna kizuizi?

JIBU: Marahaba, dada. Kaka yako amesema kweli, ila amesema nusu yake.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 inamkataza kumiliki vazi hilo mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai la kutumia nguvu, wengine imewaacha. Hata hivyo, kila jimbo linaweza kuongeza masharti yake, na kaka yako anaishi katika mji uleule uliosababisha masharti makali ya New York. Tarehe 14 Mei 2022, mtu mwenye bunduki aliua watu 10 katika duka kubwa la Buffalo. Mlinzi, ambaye alikuwa polisi mstaafu, alimpiga risasi ikaishia kwenye vazi la kinga la muuaji, kisha mlinzi huyo naye akauawa. Mwezi uliofuata jimbo likapiga marufuku kuuza na kununua mavazi hayo, isipokuwa kwa watu wa kazi maalumu kama polisi. Ajabu ni kwamba maneno ya kwanza ya sheria hiyo yaligusa fulana laini tu, yakaliacha vazi la sahani ngumu, yaani mabamba yanayotiwa ndani ya vazi, la aina aliyovaa muuaji, hadi yaliporekebishwa baadaye.

Tazama vizuri kitenzi: kinachokatazwa ni kununua na kuuza. Aliyekuwa nayo kabatini tangu zamani hana kosa, lakini anayeinunua leo akiwa nje ya kazi hizo analo, hata kama anamnunulia dada yake kwa nia njema.

Kuitoa nchini ni suala jingine kabisa. Sahani za kiwango cha IV, zinazokusudiwa kuzuia risasi za bunduki zenye uwezo wa kupenya chuma, zimo katika orodha ya zana za kijeshi inayosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Fulana laini ziko chini ya Wizara ya Biashara. Msafiri anayejilinda mwenyewe hupewa nafuu, ila kumpelekea mtu mwingine hakuhesabiwi hivyo.

Huku kwetu, sura ya 93 ya orodha ya ushuru wa forodha, inayohusu silaha na risasi, haitaji fulana hizi, na wapo wanaoishia hapo wakafurahi. Mimi ningeiandikia TRA kwanza kuomba uamuzi wa awali, nakala nikaipeleka kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kabla ya begi kufika KIA. Rangi ya mabakamabaka usiiguse kabisa: Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea fulana ya namna hii ya mtumba hapa ofisini Arusha. Tulipofungua zipu ya kitambaa cha nje, lebo ya ndani ilikuwa imefutika, kiwango na tarehe ya kutengenezwa havisomeki, na tabaka limekunjamana kama gazeti lililoloa. Ofisa yeyote angeuliza maswali ambayo mteja wangu hakuwa na jibu lake.