Msimamizi, faili halitoshi: ingia chumbani

Ukikabidhiwa kusimamia wanasihi, wauguzi na waelimishaji rika wa kliniki ya uraibu, ile ambayo mteja anatibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, kitu cha kwanza kuwekwa mezani kwako ni makaratasi. Daftari la mahudhurio, mafaili yasiyosainiwa, ripoti ya mwezi, matokeo ya vipimo vya mkojo. Yote yana kazi yake na wakubwa watayadai. Tatizo ni kwamba faili limeandikwa na mtu yule yule unayemsimamia. Ameandika anachokikumbuka na anachodhani unapenda kusoma. "Mteja amepewa elimu juu ya madhara ya dawa za kulevya, ameelewa." Sentensi hiyo nimeikuta kwenye faili la mteja aliyekuwa analia kikao kizima, na kwenye faili la mteja aliyekuwa anasinzia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa msimamizi mpya hauanzi na fomu. Tafuta namna ya kuona au kusikia kazi yenyewe ikifanyika.

Najua jibu linalokuja: "Wanasihi wangu ni wazoefu, wananieleza kila kitu." Wanakueleza, na hawadanganyi. Ila mtu hawezi kujisikia mwenyewe anapozungumza. Mwaka 2004 William R. Miller, aliyeanzisha mbinu ya mahojiano ya kuhamasisha, yaani mazungumzo yanayomsaidia mteja kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliowagawa wataalamu 140 wa tiba ya uraibu katika makundi ya mafunzo. Wengine walipata semina tu, wengine semina pamoja na mrejesho wa kazi yao au kufuatiliwa na mkufunzi. Mrejesho na ufuatiliaji viliongeza umahiri. Lililonikaa zaidi ni jingine: jinsi wataalamu walivyojipima wenyewe kuwa hodari hakukuhusiana na uhodari uliosikika kwenye kanda za vikao vyao vilivyorekodiwa. Msimamizi anayetegemea maelezo ya mdomo anasimamia simulizi, na simulizi za watu waungwana huwa nzuri sikuzote.

Namna ya kuingia chumbani ina adabu zake. Mteja aulizwe kabla, tena aulizwe pale ambapo anaweza kukataa bila kuogopa kwamba dawa yake itacheleweshwa. Ikiwa ni kurekodi, akubali kwa maandishi, aambiwe nani atasikiliza na lini rekodi itafutwa, na ifutwe kweli. Isirekodiwe kwenye simu binafsi ya mtu. Ukikaa ndani, kaa pembeni, usiangaliane na mteja, na usiingilie isipokuwa kuna hatari. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Ulimi utakuwasha. Mara mbili tatu za mwanzo unaweza kuhisi kwamba kikao kingeenda vizuri zaidi kama ungekiongoza wewe, na pengine ni kweli, lakini si kazi uliyoingia kuifanya.

Nikisikiliza, sibebi orodha ndefu. Naangalia kwanza nani anaongea zaidi. Halafu naangalia kinachotokea mteja anaposema "lakini". Hapo ndipo mnasihi hujulikana. Chukua mteja wa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini anayokuja kunywa kliniki kila siku, aliyekosa kuja siku mbili. Mnasihi mmoja anauliza, "Kwa nini hukuja? Si tulikubaliana?" Mteja anainamisha kichwa, anaomba msamaha, anaahidi, na kikao kimekwisha kabla hakijaanza. Mwingine anasema, "Niambie siku hizo mbili zilikuwaje." Ndipo linatoka suala la arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, iliyomshika usiku, la kaka aliyemfukuza, la kijiwe kilicho karibu na njia ya kuja kliniki. Kwenye faili, vikao vyote viwili vitasomeka sawa: "Mteja ameshauriwa kuhudhuria kila siku."

Mrejesho utoe siku hiyo hiyo ikiwezekana, na anza kwa kumuuliza mwenyewe: dakika gani kikao kilikushinda? Mara nyingi atakupeleka mahali penyewe. Kama kuna rekodi, sikilizeni dakika mbili za hapo, msisikilize yote. Kisha mpe jambo moja la kujaribu wiki ijayo. Moja. Nimeona wasimamizi wakimkabidhi mtu makosa kumi na mawili yaliyopangwa kwa namba, na mtu huyo akatoka akiwa amejifunza kitu kimoja tu, namna ya kukwepa kusikilizwa.

Kuna mambo yasiyosubiri kikao cha usimamizi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kila mtumishi, pamoja na mwanasihi asiye na mafunzo ya uuguzi na mtu wa mapokezi, lazima ajue hatari za mwili zinazoua. Wiki mbili za kwanza za methadoni ni za hatari kwa sababu dawa hukaa mwilini muda mrefu na hujilimbikiza. Mtu anaweza kuonekana sawa leo na akazidiwa kesho kutwa kwa dozi ile ile. Aliyekosa dozi siku 3 mfululizo au zaidi asipewe dozi yake ya zamani kabla daktari au tabibu hajamwangalia upya, kwa kuwa mwili huanza kupoteza ustahimilivu, yaani uwezo wa kuhimili dozi ileile. Ndiyo sababu pia mtu anayetoka gerezani au kwenye nyumba ya kuacha dawa yuko hatarini kuliko alipokuwa anatumia kila siku. Naloksoni huamsha mtu aliyezidiwa na heroini, lakini nguvu yake hudumu kama dakika 30 hadi 90, kwa hiyo anayeamka na kutaka kwenda zake anaweza kuzimika tena njiani. Mlevi wa muda mrefu akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za kwanza, na kuweweseka kwa hatari siku chache baada ya kikombe cha mwisho. Huyo hapewi nasaha akaambiwa arudi Jumatatu, hupewa rufaa.

Weka utaratibu kwamba mtumishi yeyote anaweza kukupigia, au kumpigia tabibu wa zamu, kwa ajili ya mteja anayesinzia isivyo kawaida, anayezungumzia kujiua, mjamzito anayetaka kuacha heroini kwa mkupuo, au mtoto aliye hatarini nyumbani. Na mtu akikupigia kwa jambo ambalo baadaye linaonekana dogo, mshukuru. Ukimkemea mara moja tu kwa "kukusumbua", habari itaenea kliniki nzima kabla ya saa ya chakula, na siku ya jambo kubwa simu haitalia.

Kuhusu vipimo vya mkojo nitasema kwa ufupi. Vimegeuzwa mahakama. Mwanasihi anashika kijiti cha kipimo kama hakimu anayeshika kidhibiti. Mfundishe mipaka ya kifaa: kipimo cha haraka cha jamii ya mofini, kinachotumika kutafuta heroini, kwa kawaida hakikamati tramadoli (dawa ya maumivu) wala methadoni, na bangi kwa mtu aliyekuwa anavuta kila siku inaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Matokeo ni mwanzo wa mazungumzo. Nimesikia kikao kilichovunjika kwa neno "umenidanganya", na mteja alikuwa hajadanganya.

Sasa kwa wenzetu waliowahi kuwa watumiaji na leo ni waelimishaji rika au wanasihi. Nawathamini mno. Mteja aliyekataa kufungua mdomo kwa daktari humfungukia mtu anayejua kwa mwili wake jinsi mifupa inavyouma asubuhi bila dozi. Lakini kuwasimamia kunataka uangalifu wa pekee, na wasimamizi wengi hukosea kwa kuwaacha, wakidhani uzoefu unatosha.

Mtego wa kwanza ni "mimi niliacha hivi". Njia iliyomwokoa yeye inakuwa njia pekee. Aliyeacha kwa maombi na nyumba ya kuacha dawa anaweza, bila kukusudia, kumwambia mteja wa methadoni kwamba bado hajaacha kweli. Maneno hayo hufanya mteja aombe kupunguziwa dozi kabla ya wakati, na mara nyingi jambo hilo huishia kwenye kurudia heroini. Usilizungumze kwa kupita. Likae mezani katika kikao cha usimamizi: historia yako unaitumia lini, kwa faida ya nani, na unaacha wapi?

Mtego wa pili ni mipaka. Mteja anamwomba nauli, anampigia saa nane usiku, anamkumbusha kwamba walikaa kijiwe kimoja. Kumwambia tu "fuata kanuni" hakumsaidii. Fanyeni mazoezi ya maneno yenyewe ya kukataa, kwa sauti, mpaka yamtoke bila ukali na bila aibu.

Na je, akirudia matumizi? Hilo mlipange kabla halijatokea, siku ya kuajiriwa hasa, kwa utulivu: atamwambia nani, atatolewa kwenye kuhudumia wateja kwa masharti gani, atatibiwa wapi, atarudi vipi. Asitibiwe kwenye kliniki anayofanyia kazi ikiwa kuna namna nyingine, na wewe usiwe mnasihi wake. Hapa ndipo wasimamizi wenye huruma hujikwaa. Umefundishwa kusikiliza, mtumishi wako anaumia, unafunga mlango, na kabla ya muda mrefu una mteja ambaye pia unamjazia fomu ya tathmini ya kazi. Swali ninalolitumia kujizuia ni hili: maumivu haya yanagusaje kazi yake na wateja? Tunaongea mpaka hapo. Zaidi ya hapo namtafutia mtu mwingine.

Hiyo inanileta kwenye ugumu wa cheo chenyewe. Brigid Proctor, mkufunzi wa wanasihi wa Uingereza, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba usimamizi una kazi tatu: kulinda viwango, kumkuza mtumishi na kumtegemeza. Kwa niliyoyaona, kazi ya viwango huzimeza mbili nyingine, kwa kuwa ndiyo inayokaguliwa. Kama wewe ndiye unayesaini likizo, unayeandika tathmini, na pia unayetaka kuambiwa "yule mteja ananitisha", basi sema wazi tangu mwanzo yapi yatabaki kati yenu na yapi utalazimika kuyapeleka juu. Usipoyataja, mtumishi atakisia, na atakisia kwa kujilinda. Ikiwezekana vikao viwe viwili: cha makaratasi na cha kazi. Msipoweza, anzeni na kazi. Makaratasi hayakosi kupata muda wake.

Siku mteja anapokufa, usiagize faili kwanza. Najua kuna ripoti, na ni lazima iandikwe, lakini mwanasihi aliyemwona jana yake anaposikia "lete faili" kabla ya kusikia pole, anaelewa kwamba anatafutwa wa kulaumiwa. Waite waliomhudumia, waambie wewe mwenyewe, uliza nani ana wateja asubuhi hiyo na nani wa kumpokea. Mapitio ya kilichotokea yafanyike baadaye, siku nyingine, yakiuliza mfumo uliacha wapi mwanya: dozi zilizokosekana ziliripotiwa kwa nani, naloksoni ilikuwa nyumbani kwake au la, nani alipaswa kufuatilia.

Kama unataka kuanza na hujui uanzie kwa nani, usianze na mnasihi dhaifu. Wote wataona kwamba kukaliwa kikaoni ni adhabu. Anza na kikao chako mwenyewe: waalike wawili wakae pembeni, wasikilize, na baadaye wakuambie walipoona umekwama. Kisha mfuate yule bora kuliko wote. Wengine mtapanga ratiba pamoja, kikao kimoja cha kila mtu kwa mwezi kama wateja ni wengi, na tarehe iliyoandikwa isifutwe kwa sababu ya mkutano.