Presha, Baridi ya Molo na Jua la Kisumu

Swali: Daktari, mama yangu anaishi Molo. Februari presha yake ilikuwa 134/82, lakini Julai hii, akipimwa alfajiri, inafika 148/90, ilhali hajakosa dawa hata siku moja. Je, mashine imeharibika?

Jibu: Huenda mashine ni nzima. Mwili ukipigwa na baridi hubana mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi ili usipoteze joto, na moyo hulazimika kuisukuma damu kwa nguvu zaidi katika njia iliyosongeka. Ndiyo sababu presha ya watu wengi, hasa wazee, hupanda miezi ya baridi. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu Julai, tazama anavyopimwa. Mtu aliyetoka zizini kukamua, vidole vikiwa vimekufa ganzi, kisha akafungwa mkanda wa mashine juu ya sweta, hatoi namba ya kuaminika. Mama aote moto kwanza (jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua), aende haja ndogo, aketi kimya dakika 5 akiwa ameegemea, mkono ukiwa wazi juu ya meza, usawa wa moyo, ndipo apimwe mara 2. Namba za wiki nzima zikibaki juu ya 135/85, mpeleke kliniki pamoja na daftari mlimoandika namba hizo.

Swali: Nauza samaki sokoni Kisumu. Jua likiwaka, nikiinuka nasikia kizunguzungu. Niache vidonge vya presha hadi mvua inyeshe?

Jibu: Usiviache kwa uamuzi wako. Joto hutanua mishipa na jasho hupunguza maji mwilini, hivyo presha hushuka, na ikiwa mojawapo ya vidonge vyako ni cha kukojoza, hushuka zaidi. Pima ukiwa umeketi, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu (ile inayotajwa kwanza) ikipungua kwa 20 au zaidi, mwone daktari akupunguzie au akubadilishie dawa. Kunywa maji mara kwa mara, ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi chake.

Swali: Husafiri kila wiki kati ya Kisumu na Nakuru. Nibadilishe dozi?

Jibu: Hapana. Nakuru iko juu na ina baridi zaidi, lakini dozi hupangwa kwa vipimo vya siku nyingi. Vidonge viweke kwenye mkoba ulioushika, si kwenye buti ya matatu.