Umemaliza kompyuta, sasa unashika kipi?

Wadogo zangu mnaomaliza chuo, ujumbe wenu naupata karibu kila wiki na swali ni lilelile: "Kaka, nishike data, usalama wa mitandao au programu?" Nami huuliza: mara ya mwisho ulitengeneza nini, na nani anakitumia? Hapo wengi huniachia tiki mbili za bluu.

Mimi nilitoka chuoni nikijiita mprogramu. Kazi niliyopata Arusha ilikuwa kwenye ofisi ya safari, mtaa wa Njiro, na niliajiriwa kama "mtu wa IT". Maana yake printa ikigoma ni mimi, intaneti ikikata ni mimi, simu ya bosi ikijaa picha ni mimi. Miezi mitatu nilikuwa nimenuna.

Asubuhi moja ya Agosti nikakuta madereva wawili wanabishana kwenye maegesho, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Karatasi zote mbili zilitaja gari lilelile kwa tarehe ileile. Kundi moja la wageni lilikuwa linashuka uwanja wa ndege wa KIA saa nne, lingine limeshakunywa chai hotelini likisubiri kupelekwa hifadhi ya Tarangire. Tukakodi gari la watu, na bei ya kukodi gari Agosti mnaijua wenyewe. Jioni nikakaa kutafuta kosa limetokea wapi. Jedwali la magari la Excel lilikuwa na nakala tatu: ya mapokezi, ya mhasibu, na nyingine iliyoitwa "mpya kabisa 2" kwenye flashi ya msimamizi wa magari. Kila mtu alikuwa sahihi kwenye nakala yake.

Niliposhtuka ilikuwa saa tano usiku na chai imefanya utando. Kazi ya kupamba tovuti haijawahi kunisahaulisha chai.

Nikatengeneza hifadhidata ndogo, yaani sehemu moja ya kutunza taarifa badala ya nakala tatu: magari huku, safari kule, na sharti la kukataa gari lenye safari nyingine. Nilikosea. Nililinganisha siku ya kuanza peke yake, kwa hiyo gari lililotoka Jumatatu kwa siku sita bado lilionekana liko huru Jumatano. Mhasibu ndiye aliyeliona hilo, mama ambaye hajaandika mstari wa programu maishani mwake. Sharti lilipaswa kuuliza mambo mawili kwa pamoja: je, safari mpya inaanza kabla ya ile ya zamani kuisha, na inaisha baada ya ile ya zamani kuanza? Zote zikiwa ndiyo, gari halipo.

Toka hapo nimebaki kwenye data. Ila mwenzangu angeingia ofisi ileile akakereka na kitu kingine kabisa. Kurasa za pasipoti za wageni zilikuwa zinazunguka kwenye kundi la WhatsApp lenye madereva, wapishi na hata watu walioacha kazi zamani. Kama wewe ni wa kulala ukiwaza hilo, usalama wa taarifa unakufaa, na sasa una pa kuegemea: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wenye ofisi wengi hawajaisoma. Wa tatu angeuliza kwa nini kambi ya porini haipati intaneti mawingu yakijaa. Huyo ni wa mitandao, ajiandae kupanda minara.

Vyeti vya mtandaoni chukueni, sina ugomvi navyo. Akili mnemba nayo itumieni. Hifadhidata yangu ingeiandika kwa dakika moja, ingawa habari za flashi iliyo mfukoni mwa msimamizi wa magari isingezijua.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo chuoni hawalisemi ni msimu. Ukibisha hodi kwenye ofisi ya safari Julai, utaambiwa uache namba, basi. Wageni ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba na hakuna mwenye dakika ya kukusikiliza. Nenda mvua za masika zikianza, Machi hivi. Aprili kambi nyingine hufungwa, magari yanarudi gereji, na bosi ana muda wa kukumbuka kilichomuumiza mwaka jana.

Tena usiegemee utalii peke yake. Mwaka 2020 wageni walipokatika, mshahara wangu nao ulikatika. Kilichonilisha ni duka la dawa Moshi lililotaka kujua dawa zipi zinakaribia kuisha muda. Jedwali lilikuwa karibu lilelile: mahali pa gari nikaweka boksi la dawa, mahali pa siku ya kurudi nikaweka siku ya kuisha muda. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80, nikawa nakwenda kwa Kosta kila Alhamisi.

Ukipata wa kukusikiliza, cheti kiache kwenye bahasha kwanza. Omba wakuonyeshe faili wanalolifungua kila asubuhi, kisha uliza lina nakala ngapi.